Sanduku lisilojua kunyamaza: mimi, RS485 na maji ya duara kule Rwamgasa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye vyeti na sisi tuliojifunzia kwenye vitu vilivyoharibika.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe. Atakayeona ni chai, aweke sukari anywe, ila asome mpaka mwisho.

Kwanza nijitambulishe kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Maganzo. Shule niliachana nayo kidato cha pili. Hatukugombana, tuliachana tu. Nimechekecha mchanga wa almasi, nimefungua simu za watu Kahama, nimebeba viroba vya mawe, nimeuza hadi miwa. Sikai sehemu moja. Tatizo langu ni hili: nikiona kitu kina skrubu, silali vizuri mpaka nijue ndani kuna nini.

Rwamgasa nilifuata dhahabu. Nikakuta maji.

Sasa twende taratibu.

Nilifikia kwenye duara la mama mmoja, tumwite Mama Kulwa. Kwa wasiojua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na la Mama Kulwa lilikuwa refu, limeshikiliwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisije chini. Jiwe lake lilikuwa zuri. Shida ilikuwa moja. Maji.

Mvua ikinyesha, maji yanaingia. Isiponyesha, yanaingia pia, ila kwa adabu.

Kazi ya kuyalinda ilikuwa ya mzee mmoja anaitwa Masanja. Wote walimwita "mtu wa maji". Anakaa mdomoni mwa duara, anashusha jiwe lililofungwa kwenye uzi, anasoma uzi umelowa mpaka wapi, anawasha pampu. Maji yakiisha anaizima haraka, maana pampu ikivuta upepo inaungua. Halafu anaanza tena. Hivyo hivyo, mwaka mzima.

Siku aliyoachiwa mtu mwingine kazi hiyo, huyo mtu alikwenda kuangalia mpira. Pampu iliungua, maji yakapanda mpaka kwenye matimba, na kazi ikasimama mpaka kila mtu akasahau rangi ya mawe.

Tangu hapo Masanja hakuruhusiwa kuondoka. Si kwamba alifungwa. Ni kwamba kila akiomba ruhusa, Mama Kulwa anamjibu kwa upole kabisa: "Sawa baba, nenda. Ila ukienda, nenda na maji yako."

Masanja ana binti anaitwa Kabula, anaishi na mama yake Ushirombo. Ubatizo wa Kabula, Masanja hakuwepo. Maji. Sasa binti alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili, na akapiga simu. Masanja aliweka sauti kubwa, tukasikia wote:

"Baba, hayo maji hayana baba mwingine?"

Masanja akajikohoza, akasema mtandao unasumbua.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi kabla ya kichwa. Nikamwambia, "Mzee, Jumapili utakuwa Ushirombo. Maji niachie mimi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe? Wewe juzi umepoteza kiatu kimoja ukiwa umevaa vyote viwili."

Ni kweli. Matope ya Rwamgasa yana tabia hiyo.

Lakini nilikuwa na sababu ya kujiamini. Mama Kulwa alikuwa amenunua vifaa vya mtumba: inverta ya kuendeshea pampu, na sensa ya kupima kina cha maji, ile ya kutumbukiza. Inverta ilikuwa inawashwa kwa mkono tu, na sensa ilikuwa imekaa stoo. Nilipovifungua (mnanijua) nikakuta vyote vina matundu mawili ya waya yameandikwa A na B.

Wakuu, hiyo ndiyo RS485.

Kwa ambao hawajakutana nayo: ni njia ya vifaa kuongea kwa waya mbili tu. Mbili hizo hizo zinapita kwa wote. Sensa iko humo, inverta iko humo, na sanduku la kuwaongoza liko humo. Waya unaweza kuwa mrefu sana, na kelele za mota haziusumbui kirahisi, ndiyo maana viwanda vinaupenda. Ila kuna sharti moja: akisema mmoja, wengine wote wakae kimya. Wakisema wawili kwa pamoja, hakuna anayesikika.

Nikampigia simu fundi mmoja wa Geita mjini, dada Neema. Huyu amesomea mambo haya na ana subira kuliko ng'ombe wa kukamuliwa. Alikuja na laptop yake na kigeuzi chake cha USB, akaunganisha, akauliza sensa, ikajibu. Akauliza inverta, ikajibu. Akasema, "Vifaa vyako vizima. Waya wako mzima. Sasa tengeneza sanduku." Akaniachia bodi ndogo ya kuandikia programu na chipu ya RS485, akarudi Geita na kigeuzi chake.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikununua moduli inayojigeuza yenyewe kati ya kusema na kusikiliza. Mkuu, duka la karibu yangu linauza sururu, betri za tochi na sabuni ya mche. Karibu sana uje uniulizie moduli.

Ile chipu ina mguu mmoja muhimu kuliko yote, mimi niliuita mguu wa ruhusa. Ukiupandisha, chipu inakamata waya na inasema. Ukiushusha, inaachia waya na inasikiliza. Haiwezi vyote viwili kwa pamoja, kama mtu mwenye redio ya upepo.

Nikaandika programu yangu. Pandisha mguu. Tuma ujumbe. Shusha mguu. Subiri jibu.

Nani asingeandika hivyo?

Kimya. Sensa kimya. Inverta kimya. Masanja amekaa pembeni kwenye kiti chake cha ndoo, anashusha jiwe lake, haniangalii, ila mabega yanacheka.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba programu ikiambiwa "tuma", haitumi papo hapo. Inaweka ujumbe kwenye chumba cha kusubiri, halafu inakwambia "tayari". Wakati huo baiti ndiyo kwanza zinaanza kutoka mlangoni moja moja. Mimi nikisikia "tayari", nashusha mguu. Sentensi inakatwa shingo. Na vifaa hivi ukivikatia sentensi havisemi "samahani sijakuelewa". Vinanyamaza tu, kama mkwe aliyeudhika.

Nikaweka delay. Yaani baada ya kutuma, subiri kidogo, ndipo ushushe mguu. Nikaweka muda wa kutosha, nikajisemea hapa hata mkokoteni ungepita.

Sensa ikajibu!

Wakuu, niliruka. Namba ya kina cha maji ikatokea kwenye kioo cha sanduku. Masanja akashusha jiwe lake kuhakiki, akasoma uzi, akasoma kioo, akasema "Gashi!" Kwa Kisukuma hiyo ni kama "kumbe!", na kutoka kwa Masanja ni sawa na kupigiwa mizinga.

Furaha haikufika hata jioni.

Programu yangu ilikuwa hivi: maji yakipanda, iambie inverta iwashe pampu, kisha iulize "umewasha?" Isipojibu, piga king'ora watu watoke duarani. Usalama kwanza, si ndiyo?

Maji yakapanda. Sanduku likaamuru. Pampu ikanguruma, maji yakaanza kutoka kwenye mpira safi kabisa.

Na king'ora kikalia.

Watu wakapanda kutoka chini wakikanyagana, mmoja ana sururu, mmoja ana sahani ya ugali, sijui alikuwa anakula na nani kule. Wamefika juu wanakuta pampu inavuta maji kama kawaida, na sanduku linapiga kelele kwamba pampu imekufa.

"Hilo sanduku lako mbea," akaniambia mmoja. "Mtu yuko hai, lenyewe linamtangazia msiba."

Mwingine akasema lina ndagu, ule uchawi wa kutafutia mali, linadai kuku mweusi. Mama Kulwa akamjibu kuku atakayechinjwa pale ni mimi.

Nikazima, nikawasha. King'ora tena. Watu juu tena. Mara ya tatu walikataa kupanda, na hapo Mama Kulwa akakasirika kweli. Akaniita pembeni.

"Mwanangu, king'ora kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na king'ora. Siku ya maji kweli hawa hawatatoka. Ijumaa jioni kama bado kinalia ovyo, natoa kitu chako, na Masanja anabaki hapa."

Alikuwa sahihi.

Nikaamini inverta ndiyo mbovu. Mbona sensa inajibu? Nikaifungua, nikaifunga. Nikabadilisha A na B, nikazirudisha. Nikapunguza delay, inverta ikajibu! Nikashangilia. Kisha nikatuma amri ya kubadili mwendo wa pampu, ambayo ni sentensi ndefu zaidi, ikakatwa mkia, kimya. Nikaongeza delay, sentensi ndefu ikapita, jibu la inverta likapotea. Punguza, ongeza. Punguza, ongeza. Nilikuwa kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kwenye gari linalotembea.

Masanja alishaacha kunitania. Hilo ndilo liliniuma. Alikuwa amepiga pasi shati lake jeupe, ametundika kwenye msumari ndani ya kibanda chake, na kila akipita alikuwa haliangalii.

Sasa sikilizeni kilichotokea Ijumaa mchana.

Pampu ilianza kuvuta kwa shida, kichujio cha chini kikawa kimeziba. Masanja akasema anashuka kukisafisha. Kijana wa winchi alikuwa amekwenda kula, hivyo kamba ya ishara nikashikishwa mimi.

Nieleze hii kamba. Kwenye duara refu huwezi kupiga kelele ukasikika, kompresa inanguruma, pampu inanguruma. Kwa hiyo kuna kamba nyembamba, mbali na ile ya mzigo, inayokwenda juu mpaka chini. Wa juu akivuta mara moja, anauliza "uko salama?" Wa chini akivuta mara moja, "niko salama". Mara mbili, "nipandishe". Kamba moja, wa juu na wa chini wanaitumia hiyo hiyo.

Masanja kashuka. Nikasubiri. Nikavuta mara moja.

Sikusikia kitu.

Nikaikaza kamba, nikaizungusha mkononi nisije nikakosa jibu lake, nikaivuta kwangu kwa nguvu zote kama navua nyangumi. Kimya. Nikavuta tena, nikakaza zaidi. Kimya. Nilikuwa naanza kuita watu ndipo kamba ya mzigo ikaanza kucheza, na kofia ya Masanja ikatokea. Kapanda mwenyewe kwa ngazi za matimba, matope mpaka kwenye nyusi.

"Ng'wanawane," akasema, maana yake mwanangu, lakini hakusema kwa upendo. "Nani alikufundisha kushika kamba?"

"Shikamoo mzee. Nilikuuliza, hukujibu."

"Nimejibu mpaka mkono umechoka! Umevuta, ukakaza. Sasa mimi nijibu kwa kamba ya nani?"

Akanyakua kamba, akanionyesha. Akavuta mara moja, kisha akafungua kiganja chote, kamba ikalala juu ya vidole, imelegea.

"Hivi. Ukishavuta, fungua mkono. Hapo hata panya akiigusa kule chini utamsikia. Wageni wote mnafanya hivyo hivyo, mnaogopa, mnakaza, halafu mnasema aliyeko chini kafa."

Wakuu, nilisimama pale mdomo wazi. Masanja akadhani nimepatwa na jambo, akanipulizia usoni.

Sanduku langu lilikuwa mgeni. Linavuta, linakaza, linasema aliyeko chini kafa.

Sensa ilikuwa inasikika kwa sababu moja tu: ni nzito kujibu. Unaisalimia, inakohoa kwanza, ndipo ijibu, na muda huo mimi nimeshalegeza. Inverta ni nyepesi. Ukimaliza swali tu imeshaanza kujibu, wakati mguu wangu bado uko juu, nimekamata waya na masikio nimeyaziba. Maneno yake ya kwanza yanakanyagwa, mimi napata mkia usio na kichwa, napiga king'ora. Inverta ilikuwa nzima siku zote.

Nikampigia dada Neema, nikamweleza mambo ya kamba nusu saa nzima. Akacheka, akasema, "Umefika penyewe. Sasa acha kukisia muda. Kwa nini unahesabu wakati chipu ya bodi yako yenyewe inajua imemaliza lini? Iulize."

"Naiulizaje?"

"Kuna alama inayosema kutuma kumekamilika. Ila angalia sana, ziko mbili zinafanana. Moja inasema chumba cha kusubiri kimebaki kitupu. Ya pili inasema baiti ya mwisho imeshatoka mlangoni kabisa. Ukishika ya kwanza utamkata wa mwisho mguu. Shika ya pili."

Nakiri mbele yenu, peke yangu ningeshika ya kwanza.

Nikafuta delay zote. Pandisha mguu, tuma, ngoja alama ya pili, shusha hapo hapo. Ujumbe mfupi inangoja kidogo, mrefu inangoja zaidi, hakuna kukisia.

Mama Kulwa akaja kusimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Jua lilikuwa linaelekea kushuka. Masanja akawa anafunga na kufungua uzi wa jiwe lake. Vijana wakasogea mbali kidogo na duara, maana king'ora kilishawachosha masikio.

Maji yakapanda. Pampu ikanguruma. Mimi nikafumba macho.

Nikasikia pampu tu.

Nikafumbua. Kwenye kioo: kina cha maji, mwendo wa pampu, vyote vinaongea kwa zamu kama wazee wa kikao. Ili kuhakikisha, Mama Kulwa akaamuru nichomoe waya wa inverta makusudi. King'ora kikalia papo hapo. Nikaurudisha, kikanyamaza. Akafanya nirudie mpaka alipotosheka, tena akachomoa yeye mwenyewe bila kuniambia nilipogeuka. Kikalia.

Akageuka. "Baba Kabula, hilo shati la msumarini utalivaa lini?"

Jumamosi asubuhi Masanja aliondoka na shati lake jeupe na kofia ile ile ya matope, hakukubali kuiacha. Kabla ya kupanda pikipiki alirudi mara ngapi sijui kunielekeza namna ya kushusha jiwe, endapo "mtoto wako wa bati" atanyamaza.

Jumapili ikanyesha. Si manyunyu, mvua yenyewe. Nilikaa mdomoni mwa duara kwenye kiti cha ndoo, nimejifunika turubai, jiwe mkononi kwa usalama. Kina kikapanda, pampu ikawaka. Kikashuka, ikazima. Kikapanda tena, ikawaka tena. Sikugusa kitu. Sijawahi kukaa bila kazi nikiwa na hofu kiasi kile.

Simu ikaita. Masanja.

"Wewe! Huku wamenong'ona kuwa Geita kunanyesha. Maji yamefika wapi? Kichujio umekiangalia? Pampu inalia sauti nene au nyembamba? Nyembamba ni mbaya! Mbona hujibu? Haloo? Nilijua! Mama Kulwa yuko wapi? Ngoja nitafute pikipiki..."

Nilikuwa najibu tangu neno la kwanza. Hanisikii, anasema juu yangu.

Nikapaza sauti: "Baba Kabula! Fungua mkono!"

Akanyamaza.

Nikasikia upande wa pili kwaya inaimba, watu wanacheka, sufuria zinagongana. Nilinyoosha simu kuelekea duarani, nikamwachia asikilize pampu. Ilikuwa inalia nene.

Halafu sauti nyembamba ikachukua simu.

"Wewe ndiye mwenye sanduku?"

"Ndiyo mimi, Kabula. Hongera kwa komunyo."

"Asante. Usiliharibu mpaka Jumatatu. Baba bado hajala keki."

Akakata.

Masanja alirudi Jumanne, si Jumatatu. Ameniletea kipande cha keki ndani ya mfuko wa rambo, kimebanwa mpaka kimekuwa chapati. Mpaka leo bado anashusha jiwe lake kila asubuhi, anasoma uzi, anasoma kioo, anagonga sanduku kwa kidole, anaondoka. Nimekubali. Kila kitu kinahitaji wa kukisimamia. Lakini kwenye Krismasi ameshaaga, na safari hii Mama Kulwa hakumwambia aende na maji yake.

Mimi mwenyewe nimeshahama, niko Ushirombo sasa, nimeona mashine ya kukoboa mpunga ina skrubu nyingi.

Nilichojifunza, kwa wanaohangaika na waya mbili: kifaa kisipokujibu, kabla ya kukifungua jikague wewe. Umeachia waya? Umeachia mapema mno ukakata maneno yako, au umechelewa ukakanyaga ya mwenzako? Usikisie muda. Ngoja baiti ya mwisho itoke mlangoni, kisha fungua kiganja hapo hapo.

Wajuvi wa humu, hasa mliofanya kazi na hizi laini kwenye migodi mikubwa na viwandani, ninyi mnatumia njia gani kugeuza mguu wa ruhusa? Na wale wanaosema vipinga vya mwisho wa waya, vile vya kuzuia ujumbe usirudi kama mwangwi, ni lazima hata kwa umbali mfupi, leteni hoja, mimi bado sijashawishika.

Mimi nimeshavuta kamba yangu, ndefu kweli. Sasa nimefungua mkono. Haya, nasikiliza.